Sura ya Saba Iliyochukuliwa na Upepo

Chuo chetu kilikuwa na madarasa mawili, choo kimoja, rimu ya lori iliyotumika kama kengele, na kitabu kimoja cha historia. Nikisema kimoja namaanisha kimoja. Wanafunzi tulikuwa kumi na wanne, wote watu wazima wenye kazi zetu za mchana, na ungekusanya watoto wetu wote ungeweza kuwaanzishia wilaya yao.

Kilikuwa mtaa wa Kikuyu pale Dodoma, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala la ushirika. Karanga za miaka ya nyuma zilikuwa bado zimenasa kwenye nyufa za sakafu, na siku ambazo somo lilikuwa gumu ungeona mtu mzima mwenye suruali ya kupiga pasi anazichokonoa kwa ncha ya kalamu. Mwenye chuo, ambaye sisi tulimwita Mwalimu tu, alikuwa amestaafu ualimu wa serikali na kukizamisha kiinua mgongo chake chote pale. Miaka ile kila mtu alikuwa anafungua kitu. Biashara zilikuwa zimeruhusiwa, sabuni zimerudi madukani kwa rangi ambazo hatukujua kama sabuni inazo, mitumba inamwagwa chini kama mahindi. Watu walifungua mashine za kusaga, mabucha na vyuo vya uhasibu. Yeye akafungua chuo cha historia, fasihi, jiografia na namna ya kujenga hoja. Jirani aliyeuza mafuta ya taa alituuliza kila jioni tukipita kama hiyo historia tutaikaanga au tutaichemsha.

Sikwenda pale kwa kuipenda historia. Nilikwenda kwa sababu ya waraka. Nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, elimu yangu darasa la saba, na waraka ulisema wafanyakazi watapunguzwa, na wa kwanza kupunguzwa ni asiye na cheti cha sekondari au kinacholingana nacho. Tulipewa mwaka mmoja na nusu. Cheti cha chuo chetu kilikubalika, maana mitihani ya mwisho ilitungwa na kusahihishwa Dar es Salaam. Basi nikajiandikisha, na siku hiyo hiyo, mbele yangu kwenye foleni, alikuwepo dada mpiga chapa wa ofisi yetu.

Huyu dada ndiye ninayemwandikia haya, ingawa sidhani kama atayasoma. Kwao ni upande wa Kondoa, kwa wale watu ambao lugha yao ina ile milio ya ulimi, na alipohesabu kitu kichwani alihesabu kwa kwao, tukawa tunaacha kazi kumsikiliza, kama mtu anavunja vijiti vidogo mdomoni. Alikuwa mjane, anaishi na mama yake na binti mmoja, na mshahara wake ndio uliokuwa nyumba nzima. Lakini kilichomfanya ajulikane ofisini ni kichwa chake. Bosi aliweza kumtamkia barua ya kurasa hamsini huku yeye anamimina chai, kisha akaketi akaipiga yote bila kuuliza neno. Sawa, kurasa mbili. Lakini hizo mbili hazikukosa hata mkato.

Wiki ya kwanza Mwalimu alikiweka kile kitabu mezani, akatoa wembe mfukoni, akaanza kukikata. Mwenzetu mmoja aliyekuwa mkata nyama sokoni alisema amechinja maisha yake yote lakini hajawahi kuona huruma kama aliyoiona jioni ile. Kitabu kilikuwa na sura kumi na nne, na sisi tulikuwa kumi na wanne. Mwalimu alizishona kila moja kwa uzi mweusi akatugawia, na tangu siku ile majina yetu yakaishia getini. Mzee mlinzi wa benki, mkubwa wetu, alikuwa Sura ya Kwanza, na tulimwamkia hivyo hivyo: shikamoo, Sura ya Kwanza. Dada alikuwa Sura ya Pili. Mimi nikawa Sura ya Saba.

Sheria yake ilikuwa hivi. Sura haikuazimwa na haikunakiliwa. Mwenyewe aliisoma mpaka ikamwingia, kisha Ijumaa yake ikifika alisimama mbele akawafundisha wenzake kwa mdomo, na kilichotoka mdomoni mwake ndicho walichokuwa nacho mpaka mtihani. Mwalimu mwenyewe Ijumaa hakukaa darasani. Alichukua kiti chake akaenda kukaa barazani.

"Nikikaa humu mtaniangalia mimi," alisema. "Mwenye sura ndiye mwalimu. Akijua kwamba akikosea amewakosesha wote, hatakosea."

Nimesikia watu wengi wenye elimu wakizungumza tangu wakati ule. Sijasikia mtu aliyetuamini kiasi kile.

Na mambo yalikwenda. Dada alifundisha Sura ya Pili, ya wahunzi wa zamani, akiwa hana karatasi mkononi, na alipomaliza mkata nyama alisema anahisi mikono yake inaungua. Tulikuwa tunatoka pale saa mbili usiku tukibishana njiani kama wabunge, sisi ambao mchana tulibeba mafaili na kufungua mageti. Nilikuwa sijawahi kujiona mtu wa namna hiyo. Nasema hivi ili ieleweke ni kitu gani kiliharibika.

Sura yangu ilikuwa ya misafara ya biashara, ile iliyotoka pwani ikapita huku kwetu kwenye nyanda kavu kwenda bara. Kurasa ishirini na mbili. Nne za mwisho nilijua tu kwamba zinaeleza kwa nini biashara ile ilikufa. Nilikuwa nimepanga chumba Miyuji, na Jumapili moja ya mwezi wa nane nilikaa nje kwenye kigoda, nikaona ule uzi wa Mwalimu unanibana nisiweze kuzilaza kurasa vizuri. Nikauvuta. Miezi ile mtu wa Dodoma anajua upepo wake, hata kuku wanajua, wanakaa upande wa ukuta. Mimi nilijua na bado nikauvuta uzi. Kikaja kimbunga cha vumbi, chekundu, kirefu kama minara miwili, kikapita uani, kikabeba kanga ya jirani, beseni, na kurasa nne za juu ya rundo, ambazo ndizo za mwisho, maana nilitaka kuanzia mwisho, na nilikuwa bado sijazisoma. Nilizikimbiza mpaka nikakaribia Singida. Mama aliyekuwa anapeta mtama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kanga ilipatikana. Beseni likapatikana.

Ijumaa yangu ilikuwa inafuata. Nilikwenda maktaba, kadi ya kile kitabu ilikuwepo, kitabu hakikuwepo, na mhudumu alinionyesha kadi kwa fahari kana kwamba inatosha. Nilipaswa kwenda kwa Mwalimu. Nyumbani kwake palikuwa hatua mia nne kutoka ofisini. Lakini mimi nilikuwa mchekeshaji wa darasa, na mchekeshaji akisema amepoteza kitu watu wanasubiri mwisho wa kichekesho. Niliogopa ile sekunde ambayo wangegundua hakuna mwisho.

Siku ilipofika nilizifundisha zile kurasa kumi na nane vizuri tu, jinsi wasafiri walivyolipa nguo na shanga ili waruhusiwe kunywa maji. Nikafika mwisho wa nilichokuwa nacho. Macho ishirini na manne yananitazama, maana mzee mlinzi yake mawili yalikuwa yamesinzia zamani. Mdomo wangu ukaendelea wenyewe.

Niliwaambia kulikuwa na mtemi mwanamke, mjane, aliyechoka kuona ng'ombe wake wanakosa maji kwa ajili ya punda wa wageni. Akaagiza kufuli pwani, kufuli mia tatu, akafunga visima vyote kuanzia huku mpaka Mpwapwa, na funguo akazivaa kiunoni kama shanga, ukimsikia anakuja unamsikia kwa mlio. Misafara ikakaa siku tisa ikimbembeleza. Siku ya kumi ikageuka, na haikurudi tena. Nikaigawa hadithi ile katika sababu tano, ya kwanza mpaka ya tano, maana wenzangu walipenda vitu vyenye namba. Walipiga makofi. Mwalimu alituchungulia kutoka barazani akitabasamu kwa kusikia darasa lina uhai, kisha akarudi kwenye kiti chake. Dada hakuandika kitu. Alikuwa amefumba macho, kama alivyofanya siku zote akitaka kitu kikae.

Nilikusudia kusahihisha Jumatatu. Jumatatu nikakuta mkata nyama anamweleza yule jirani wa mafuta ya taa habari za mtemi, na ameongeza sauti ya funguo. Nikasema Jumatano. Mwezi ukapita, ukapita mwingine, na yule mama akawa mtu wa chuo kuliko mimi. Mwenzetu akichelewa aliulizwa kama amefungiwa kisima.

Wiki mbili kabla ya mtihani, saa ya chakula cha mchana, dada alikuja masijala. Nilikuwa peke yangu na mafaili yangu.

"Kaka, kuna kitu kinanisumbua kwenye sura yako," alisema. "Yule mama alipofunga visima vyote, watu wake mwenyewe walikunywa wapi?"

Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua kweli. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa na faili mkononi linalosubiri kuandikwa namba. Ningesema maneno matatu tu.

"Alikuwa na kisima kimoja cha siri," nikamwambia. "Chini ya kitanda chake."

"Ahaa," akasema, akafumba macho. Nilikiona kile kisima kikiingia.

Swali la nne la mtihani lilisema: eleza sababu tano zilizodhoofisha biashara ya misafara katika nyanda za kati. Maswali yalikuwa sita, unachagua matatu. Nililisoma mara moja tu. Dada alikuwa dawati la mbele yangu. Aligeuka nusu, akanitikisia kichwa kidogo, kile kichwa cha kusema ahsante, kisha akainama akaanza kuandika kwa kasi ya mpiga chapa. Niliwatazama wengine. Kalamu zilikuwa zinakimbia. Mkata nyama alikuwa anatabasamu peke yake.

Mimi nikajibu la kwanza, la pili na la sita.

Nimetia chumvi mambo mengi katika maisha yangu, na huenda hata humu ndani, lakini hilo halihitaji chumvi. Nililiruka swali la sura yangu mwenyewe kwa sababu ndani ya chumba kile mimi peke yangu nilijua kwamba jibu lake halipo. Nilikaa saa nzima nyuma ya watu wanaoandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri, nikaandika ukweli wa sura zao, nikapata alama.

Barua kutoka Dar es Salaam ilifika miezi mitatu baadaye. Watahiniwa tisa wameandika jibu moja, karibu neno kwa neno, kuhusu jambo ambalo halimo katika kitabu chochote. Ni dhahiri walishirikiana. Matokeo yao ya historia yamefutwa. Bila historia hakuna cheti. Miongoni mwa waliopona nilikuwa mimi, pamoja na mzee mlinzi ambaye siku ya Ijumaa yangu alikuwa usingizini.

Mwalimu aliniita peke yangu, jioni, jua bado lipo. Hakuniuliza kitu. Alisema nimletee sura yangu, nami nilikuwa nayo kwenye mfuko wa nailoni. Akazihesabu kurasa kwa kidole kilicholoweshwa mate, akafika ya kumi na nane, akaendelea kupapasa meza kana kwamba zilizobaki ziko chini ya kitu.

"Upepo," nikasema.

Akazipanga zilizobaki kingo kwa kingo.

"Kosa ni langu," akasema mwishowe. "Mimi ndiye niliyekaa barazani."

Nilitaka anitukane. Nilikaa pale nikisubiri tusi kama mtu anayesubiri chenji, na yeye akauchukua uzi mweusi akaishona sura yangu upya, kurasa zake kumi na nane, akanirudishia. Wenzangu hakuwaambia. Aliandika kwenda Dar es Salaam kwamba wanafunzi wake hawakuibia, walifundishwa hivyo na chuo, na dhambi hiyo aibebe yeye. Hawakumjibu, ila kibali cha kufundisha hakikutolewa tena. Kabla ya mvua lile ghala lilikuwa limejaa mitumba mpaka kwenye paa, na ile rimu ya lori alinunua mwenye gereji.

Ofisini waraka haukusahau. Orodha ya wanaopunguzwa iliandaliwa na bosi kwa mwandiko wake, ikapelekwa kupigwa chapa. Tulikuwa na mpiga chapa mmoja. Nilikuwa napita na mafaili nikamsikia anapiga, mwendo ule ule, hakupunguza, hakuongeza. Alipofika jina lake alilipiga kama mengine. Najua kwa sababu nakala ililetwa masijala, kwangu, niifungulie faili, na haikuwa na kosa hata moja.

Nilikwenda kwake Jumamosi. Alikuwa anafunga vyombo, mama yake amekaa juu ya godoro lililokunjwa. Nilimwamkia mama, nikamwomba dada tusimame nje, nikamwambia yote, kuanzia uzi. Sikuchekesha. Nilikuwa nimezoea kwamba nikimaliza kusema watu wanacheka, hata mikono yangu haikujua ikae wapi.

"Hakuwepo kabisa?" aliuliza. "Yule mama?"

"Hakuwepo."

"Na kufuli?"

"Hata moja."

Alitazama upande wa vilima. Alihesabu kitu kwa lugha ya kwao, polepole, na mara hii sikupenda kuisikia milio ile.

"Ungeniambia siku ile masijala," akasema. "Ningekukasirikia mpaka jioni tu, kaka. Jioni tungeenda darasani."

Kisha akaniambia nimsaidie kushusha kabati kwa kuwa nimekuja, na nikamsaidia, na basi la Kondoa liliwachukua asubuhi yake.

Mimi nilibaki kazini. Cheti changu ninacho, kipo katika nailoni ile ile. Miaka ilivyosogea nilihamishiwa Kibakwe, na huko siku moja nilitumwa shule ya sekondari kuhakiki vifaa vya stoo. Chini ya mipira iliyopasuka nikakiona kile kitabu, kizima, hakijaonja wembe. Nilikaa juu ya gunia la chaki, nikafungua Sura ya Saba, ukurasa wake wa kumi na tisa.

Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa ramani. Wa ishirini ulikuwa picha ya wapagazi, imefifia. Wa ishirini na mbili ulikuwa maswali ya kujipima, na la nne lilikuwa lile lile. Kilichobaki ni ukurasa wa ishirini na moja, nao maandishi yalifika nusu. Sababu tano, mistari mitatu mitatu: reli, wakoloni kujitwalia ushuru, pembe za ndovu kuadimika, njaa, na mambo kama hayo. Niliusoma kwa sauti pale stoo. Chai isingepoa. Dada angehitaji kuusikia mara moja tu, akiwa anamimina.

Niliinakili ile nusu ya ukurasa kwa mkono, nikaandika jina lake na la kijiji chao juu ya bahasha. Nilipofika Dodoma nikampa kondakta wa basi la Kondoa, nikamwambia aulize huko stendi, ni mama aliyekuwa mpiga chapa. Sikutegemea jibu. Baada ya mwezi na zaidi kondakta yule alinipa karatasi yangu mwenyewe, imekunjwa mara nne. Nyuma yake palikuwa na mistari miwili ya kalamu, mwandiko ambao sikuujua kwa kuwa maisha yote nilimjua kwa mashine.

Alisema ameisoma mara moja na imekaa, ahsante. Alisema pia kwamba amejaribu, lakini yule mama wa visima hatoki kichwani.